Daftari na Tarakimu Sita

Kila siku akitoka shuleni, Daftari hakuanzia nyumbani. Alianzia kwenye chumba cha ushonaji cha mama yake, akavua viatu mlangoni asije akaingiza vumbi kwenye vitambaa, akanawa mikono hadi viwiko, ndipo akauliza swali lake la kila siku.

"Leo jumbe ngapi, mama?"

"Saba," mama alijibu siku hiyo bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Na mikono yangu haina nafasi hata ya kujikuna. Soma, mwanangu."

Chumba chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa na dirisha pana linalotazama barabara, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na pazia la kijani kwenye kona, mahali ambapo wateja walijaribia nguo. Mkasi mkubwa wa kitambaa ulining'inia kwenye msumari wake peke yake. Hakuna aliyeruhusiwa kukata kitu kingine chochote kwa mkasi huo, hata karatasi. Baba mwenyewe aliwahi kukatia nao kamba ya mzigo, akanuniwa siku mbili.

Daftari alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa na jina lake zuri la shuleni, lakini hapo kwa mama halikutumika. Aliitwa Daftari kwa sababu kipimo kikishaingia masikioni mwake hakikutoka tena. Mama alikuwa na tabia ya kubana pini midomoni akiwa kazini, na mtu mwenye pini midomoni hawezi kusema wala kuandika. Basi wateja walituma vipimo vyao kwa simu, Daftari akavisoma kwa sauti, na kuanzia hapo vikakaa kichwani mwake. Kiuno cha dereva wa lori: themanini na nane. Mabega ya mwalimu wa hesabu: arobaini na sita, la kushoto limeshuka kidogo.

Kulikuwa na sheria moja tu ya usomaji, nayo ilizaliwa na kosa. Mwaka uliotangulia, yule dereva wa lori alituma ujumbe kwamba suruali yake iwe na urefu wa sentimita mia moja na mbili, lakini kwa kuwa kitambaa kile hupungua kikifuliwa, aongezewe sita. Daftari siku hiyo alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Alisoma mpaka mia moja na mbili, akaruka yaliyobaki. Baada ya suruali kufuliwa mara mbili, dereva alirudi akiwa ameivaa, vifundo vya miguu viko nje, akasimama katikati ya chumba na kuuliza, "Fundi, kwani nilikuambia nina mto wa kuvuka?"

Walicheka mpaka machozi, dereva akiwa wa kwanza. Lakini kitambaa kingine mama alinunua kwa fedha yake. Tangu siku hiyo sheria ikawa hivi: ujumbe husomwa kwa sauti, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho, na hakuna kuruka.

Ujumbe wa saba siku hiyo ulitoka kwa mwalimu wa michezo wa shule yake Daftari. Wazazi wote walikuwa wameshalipa, na fedha ilikuwa tayari katika akaunti ya mama. Zilihitajika fulana na bukta arobaini kabla ya mashindano, na siku zilizobaki zilikuwa kumi na mbili.

"Kesho asubuhi naagiza kitambaa kiwandani," mama alisema. "Nitakulipa kwa kunisaidia kuandika zile namba za kadi, nitakupa ahsante mbili."

"Ya tatu iko wapi?" Daftari aliuliza.

"Ya tatu ukifagia."

Kwa kawaida kitambaa kiliagizwa kwa simu na kulipwa kwa kadi ya benki. Mara tatu sasa mama, mikono ikiwa imejaa chaki, alimwachia Daftari aandike tarakimu kumi na sita za mbele ya kadi, tarehe ya mwisho wa kadi, na tarakimu tatu za nyuma. Namba ya siri tu, zile tarakimu nne za kutolea fedha kwenye mashine, hazikuwahi kupita masikioni mwa mtu. Mama alizibonyeza huku amefunika kwa kiganja, hata akiwa na mumewe.

Hapo mlangoni akaingia Mama Sufuria, aliyekuwa ameisikia hesabu ya ahsante kutokea nje. Huyu alikuwa jirani wa duka la pili, muuza vyombo vya jikoni, na aliitwa hivyo kwa biashara yake na pia kwa sauti yake, kwani akicheka hata vyombo dukani kwake huitikia. Alikuja kujaribu gauni la mahafali ya mwanawe. Kabla hajakaa alikuwa ameshaanza.

"Daftari, mjukuu wangu, hebu nong'ona. Mke wa mwoka mikate kiuno chake sasa kimefika ngapi?"

"Mia moja na nne," Daftari alijibu papo hapo, na alijisikia raha kwa jinsi jibu lilivyomtoka haraka.

"Mia moja na nne! Anakula mikate yote yeye, sisi tutabakiwa na nini?"

"Daftari!" mama alisema, lakini pini zilikuwa midomoni, kwa hiyo lililosikika lilikuwa "Nnn-nnni!" Akamvuta Mama Sufuria nyuma ya pazia, na huko kukawa na kelele za "vuta tumbo" na "tumbo lenyewe limeshavutwa, fundi, hili ndilo lililobaki."

Simu ya mama ikaita juu ya meza. Daftari akaipokea, kwani hiyo nayo ilikuwa kazi yake.

"Haloo, nazungumza na mwenye simu?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, tamu na ya upole.

"Shikamoo. Mama yuko na mteja. Mimi ni mwanawe, niachie ujumbe."

"Marahaba, mwanangu. Nakupigia kutoka benki. Kadi ya mama imepata tatizo kidogo kwenye mtambo wetu. Tusipoithibitisha sasa hivi, itafungwa saa kumi kamili."

Daftari akatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na mbili. Akawaza kuhusu kitambaa cha kesho, fulana arobaini, na wenzake darasani wakikimbia mashindanoni na nguo za nyumbani.

"Ngoja nimwite mama."

"Hapana, usimsumbue. Watu wazima wakisikia habari za benki hushtuka bure. Na wewe nasikia ni mtoto mwenye akili. Kadi iko karibu? Unaweza kunisomea?"

Kama angesema neno lingine lolote, huenda Daftari angekwenda kwenye pazia. Lakini aliambiwa ana akili, na mtu akisifiwa hukosa breki.

"Hakuna haja ya kusoma," alisema. "Naijua kwa kichwa."

Upande wa pili ukauliza, "Yote?"

"Yote. Hata namba za nyuma."

Akamtajia. Alizitaja kama anavyotaja vipimo, nne nne, kwa mdundo, bila kukosea hata moja. Akataja tarehe. Akataja na zile tatu za nyuma. Mtu yule akasema "safi kabisa," kisha akasema, "Sasa utaingia ujumbe wenye tarakimu sita. Nisomee tarakimu hizo tu, tumalize."

Simu ikalia kidogo mkononi, ujumbe umeingia. Daftari akaufungua, akaweka simu mbele ya uso, akaanza kusoma kwa sauti kama alivyozoea.

"Umeomba kulipa katika duka la simu. Ikiwa si wewe, piga benki mara moja. Usimpe mtu yeyote namba hii, hata akisema anatoka benki. Namba yako ni..."

Akaurudia mstari huo kwa macho.

"Endelea, mwanangu," sauti ikasema.

"Lakini hapa imeandikwa nisimpe mtu. Hata akisema anatoka benki."

"Ah, hayo huandikwa kwa kila mtu. Wewe ruka hapo, nenda kwenye namba."

Ruka hapo. Daftari aliona mbele yake vifundo viwili vya miguu ya dereva wa lori. Tena duka la simu lilitoka wapi? Mama hununua vitambaa, uzi na vifungo. Simu yake mwenyewe ilikuwa na ufa kwenye kioo tangu mwaka juzi, na hakuwa na mpango wa kununua nyingine.

"Haraka, zimebaki dakika tano!" Sauti haikuwa tamu tena.

Daftari akakata simu. Ikaita tena, akaikata. Ikaita mara ya tatu, akailaza kifudifudi na kuifunika kwa kipande cha bitana.

"Nani huyo anayepiga hivyo?" mama aliuliza kutoka nyuma ya pazia, pini zimetoka.

"Amekosea namba," Daftari alisema.

Maneno hayo yalitoka mepesi. Alichukua ufagio akaanza kufagia nyuzi, akijisemea kwamba hakuna lililoharibika. Tarakimu sita hakuzitoa. Zile nyingine je? Alifagia sehemu moja mara nne. Alijua kwamba kadi ya mama sasa ilikuwa masikioni mwa mtu asiyemjua, na kwamba aliyeiweka humo ni yeye. Mdomo umeponza kichwa, bibi yake angesema.

Mama Sufuria akatoka nyuma ya pazia akiwa ndani ya gauni lenye pini pande zote, ametanua mikono asichomwe. Mama akapiga magoti kukunja upindo, midomo imejaa pini tena. Na simu, chini ya kile kipande cha bitana, ikalia kuashiria ujumbe.

Mama akaielekeza kwa kidevu. Maana yake ilikuwa: soma.

Daftari akaichukua. Ulikuwa ujumbe kama ule wa kwanza, wenye namba nyingine sita. Mtu yule alikuwa anajaribu tena. Daftari angeweza kusema ni tangazo. Angeweza kusema ni mwalimu wa michezo. Hakuna ambaye angejua kwa wakati ule, kwani mama alikuwa ameinama na Mama Sufuria hakuwa na miwani.

Akavuta pumzi, akasoma kwa sauti kuanzia herufi ya kwanza. Alipofika "namba yako ni," alisimama, machozi yakashuka.

"Mama, si mtu aliyekosea namba. Nilikudanganya. Alisema anatoka benki, kadi itafungwa, nikamtajia namba zote za kadi. Hizi sita sikumpa. Lakini zile zote nilimpa."

Mama akatoa pini midomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake cha pini. Daftari alihesabu tisa. Kila moja aliiona kama kofi linalokuja.

Kofi halikuja. "Hizi sita hukumpa kabisa? Hata ya kwanza?"

"Hata ya kwanza."

"Basi acha kulia, tufanye kazi. Utalia baadaye ukipata nafasi." Mama akafuta chaki mikononi, akatoa kadi kwenye mkoba.

"Mpigie huyo huyo mwizi umtukane!" Mama Sufuria akasema. "Nipe mimi nimtukane, nina nafasi."

"Namba ya mtu yule siigusi," mama akasema. "Nani anajua ni ya wapi?" Akaigeuza kadi, akapiga namba ya benki iliyochapwa nyuma yake. Alijibu maswali machache kuhusu jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Sauti ya huko ikamwambia kadi imeshafungwa wakati huo huo, na kwamba afike tawini na kitambulisho.

Daftari alimwona mama akilamba midomo iliyokauka kabla ya kuuliza. "Na fedha iliyomo? Ile ni ya wazazi wa watu, dada yangu. Ni kitambaa cha watoto arobaini."

Wakamwambia aende tawini, wataangalia pamoja. Jibu hilo halikumshibisha mtu.

Mama Sufuria akabaki kulinda chumba akiwa ndani ya pini zake, ameapa kutokaa chini mpaka warudi. Benki ilikuwa mitaa miwili tu, lakini Daftari aliiona njia kuwa ndefu. Walipofika kwenye kona ya duka la rangi, Daftari akauliza kwa sauti ndogo kama fedha ikiwa imekwenda watafanyaje.

"Nitauza cherehani ya pili," mama akasema. "Kitambaa cha watu lazima kipatikane."

Cherehani ya pili ndiyo ambayo mama alikuwa akimfundishia Daftari kushona.

Ofisa wa kadi alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani, amekaa nyuma ya meza iliyopangwa vizuri. Alisoma kwenye kompyuta yake kwa muda ambao Daftari aliuona kama kipindi kizima cha hesabu. Kisha akakigeuza kidogo kioo cha kompyuta ili mama naye aone.

"Fedha yako ipo yote," alisema. "Haijatoka hata senti."

Mama akafunga macho. Daftari akamshika mkono, na mkono wa mama ukamshika naye kwa nguvu.

"Amejaribu mara mbili," ofisa akaendelea. "Mara ya kwanza alitaka kununua simu. Mtambo ukamwomba zile tarakimu sita, hakuwa nazo. Mara ya pili alitaka simu tano kwa mpigo, hapo kompyuta yetu ya ulinzi ikazuia yenyewe na kututaarifu. Nilikuwa nakaribia kukupigia, ndipo nikaona umeshapiga."

"Kompyuta ilijuaje kwamba si mama?" Daftari aliuliza, kisha akaona aibu kwa kuuliza, yeye mkosaji.

"Kuuliza si ujinga," ofisa akasema. "Kompyuta inayajua mazoea ya mama. Kitambaa mara moja kwa mwezi, uzi, vifungo. Ghafla simu tano, kutoka duka la mbali ambalo hajawahi kununua. Inashtuka."

"Kama mimi," mama akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikunjuka. "Mteja wangu wa kiuno sabini akiletewa suruali ya mia na ishirini, nitauliza nani anaivaa."

"Ndivyo hasa." Ofisa akaichukua kadi na kumwonyesha Daftari kile kipande kidogo cha rangi ya dhahabu upande wa mbele. "Na hiki unakijua?"

"Pambo?"

"Watu wengi hudhani hivyo. Hii ni kompyuta ndogo kuliko kucha yako. Kila kadi ikichomekwa dukani, inatoa jibu jipya ambalo halitumiki tena. Mwizi akinakili jibu la leo, kesho halimfungulii kitu. Na hata akiiba kadi yenyewe akaipeleka kwenye mashine ya fedha, anahitaji namba ya siri. Akikosea mara tatu, kadi inafungwa. Namba ya siri unaijua?"

"Hapana. Mama hamwambii mtu. Hata baba."

"Mama yako ana akili. Hata mimi sitakiwi kuijua, na nimekaa kwenye kiti hiki miaka minane."

Daftari akafikiri kidogo. "Sasa anti, kama kuna kufuli zote hizo, kwa nini mwizi alinipigia mimi?"

Ofisa akavua miwani. "Kwa sababu ya hizo kufuli. Mwizi akishindwa na kufuli, humtafuta mwenye ufunguo amwombe kwa upole. Tarakimu tatu za nyuma zimewekwa kumwonyesha muuzaji kwamba anayenunua anayo kadi mkononi. Wewe ulipomtajia, akawa kama anayo. Ikabaki kufuli moja, zile sita. Hiyo ilikuwa mikononi mwako. Kwa nini hukumpa?"

Daftari akamtazama mama, kisha akasimulia habari za sheria ya kusoma ujumbe wote, na ya dereva wa lori na suruali yake. Ofisa akacheka mpaka mwenzake wa meza ya pili akageuka.

"Nakuambia jambo moja ulibebe," ofisa alisema alipotulia. "Sisi hatupigi simu kuuliza namba za kadi, wala za siri, wala zile za ujumbe. Hatuna haja nazo. Mtu akikuharakisha, shuku. Na mtu mzima akikuambia usimsumbue mama yako, huyo ndiye wa kumwendea mama yako mbio."

Kadi mpya ingechukua siku saba. Ile ya zamani ilibidi ikatwe, na ofisa akatafuta mkasi kwenye droo bila kuuona. "Wewe ni fundi, huna mkasi kwenye mkoba?"

Kweli mama alikuwa nao, mdogo wa ule wa ukutani. Akaukumbatia mkoba. "Mkasi wa kitambaa haukati plastiki, dada. Samahani sana. Hata ungekuwa wa rais."

Mwishowe mkasi wa ofisi ukapatikana, butu kama kijiko, na Daftari akapewa kazi. Akaikata kadi katikati ya kile kipande cha dhahabu, kisha akaikata tena kupitia tarakimu zile kumi na sita, nne nne, mpaka hakuna iliyosomeka. Wakati wa kuaga, mama alimtazama ofisa mabegani na kushindwa kuvumilia. "Koti lako limekuzidi sentimita tatu hapa. Pita kwangu."

Kosa lilikuwa na gharama yake. Kwa kuwa kadi haikuwepo, kitambaa hakikuagizwa kwa simu. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mama alitoa fedha dirishani kwa kitambulisho, na safari ya kiwandani ikamaliza siku nzima, kwenda na kurudi, marobota mawili yamelala mapajani mwao. Daftari, aliyepanga kwenda kuogelea na wenzake, hakulalamika. Siku zilizofuata alikaa kwenye cherehani ya pili akishona namba za mgongoni, moja mpaka arobaini, na vidole vilimuuma vizuri.

Jioni ya siku ya kumi na moja, fulana zote zikiwa zimekunjwa mezani, mama aliinua moja yenye namba saba.

"Namba hii tumeishona kubwa, kwa rangi inayoonekana uwanja mzima," alisema. "Imeshonwa ili watu waione. Namba nyingine si za watu wote. Namba za kadi ni zangu. Kipimo cha mwili wa mtu ni chake, alituazima tukamshonee nguo. Kichwa chako ni kizuri, mwanangu, Mungu akuzidishie. Lakini daftari zuri lazima lijue kufungwa."

"Nimeelewa, mama."

"Na lile la kusema amekosea namba?"

Daftari akatazama chini. "Lile ndilo lililoniuma zaidi."

"Vizuri liume. Kwa kukiri mapema uliiwahi kadi. Ungenyamaza mpaka kesho, huenda mwizi angepata njia nyingine, na mimi ningekuwa natafuta mnunuzi wa cherehani." Mama akaikunja fulana. "Kukosea tunakosea sote. Anayekosea akasema bado tunaweza kumsaidia. Anayeficha hatujui hata tuanzie wapi."

Kisha akafungua droo, akatoa simu, akaiweka mbele ya Daftari kama zamani. Tangu siku ile ya benki mama alikuwa akisoma jumbe mwenyewe, polepole, na pini zake kando. Daftari alielewa maana yake, na furaha ikamjaa mpaka shingoni.

Mama Sufuria akaingia wakati huo, kuchukua gauni lake lililokamilika. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama sikioni kwa Daftari.

"Hebu nong'ona, mjukuu wangu. Nimemwona mke wa mwoka mikate leo, naona kama amezidi. Sasa ni ngapi?"

Daftari alikijua kipimo. Kilikuja jana, kwa ujumbe, naye alimsikia mama akikisoma. Kilikuwa hapo hapo kwenye ncha ya ulimi.

"Bibi," alisema kwa adabu, "ukurasa huo umefungwa."

Mama Sufuria akaangua kicheko kilichofika mpaka duka la pili.

"Haya, na wangu je?" akauliza, akijishika kiuno. "Umefungwa pia?"

"Wako ndio wa kwanza kufungwa."

"Basi fundi," Mama Sufuria akamwambia mama, akifuta machozi, "huyu mtoto mpe ile ahsante ya tatu."